Ngano na Utumbo: Historia ya Ugonjwa wa Siliaki

Ugonjwa wa siliaki ni ugonjwa wa utumbo mwembamba unaoletwa na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kwa mtu aliyerithi jeni fulani, gluteni huchochea mfumo wa kinga uushambulie utando wa ndani wa utumbo. Utando ukiharibika, chakula hakifyonzwi vizuri, na mgonjwa huhara, hukonda na hupungukiwa damu. Tiba yake ni kuziacha nafaka hizo maisha yote. Mwanafunzi wa udaktari anaweza kuyakariri maelezo hayo kwa dakika chache, ingawa kuyapata kulichukua karibu miaka 2,000. Ugonjwa ulijulikana kwanza kwa choo cha mgonjwa, kisha kwa chakula chake, kisha kwa sura ya utumbo wake, na mwishowe kwa damu na jeni zake. Kila hatua iliacha kitu kinachotumika hadi leo katika uchunguzi, na anayezijua hatua hizo hupata pia sababu ya kila anachokariri.

Kutoka Kapadokia hadi London

Maelezo ya kale zaidi yanayofahamika ni ya Aretaeus, tabibu mzaliwa wa Kapadokia, eneo ambalo leo limo nchini Uturuki. Aliishi katika karne ya 1 au ya 2 baada ya Kristo na aliandika kwa Kigiriki. Alieleza hali ya watu wanaohara kwa muda mrefu, choo chao kikiwa kingi, cheupe na chenye harufu mbaya, huku miili yao ikidhoofika. Kwa maoni yake tumbo lilikuwa limepoteza joto lake, kwa hiyo chakula kilitoka kabla hakijasagika. Jina siliaki lilitokana na neno la Kigiriki la tumbo alilolitumia. Aretaeus aliuona kuwa ugonjwa wa wazee, na wa wanawake kuliko wanaume. Kuhara kwa watoto alikuweka kando kama jambo jingine. Maandishi yake yalitafsiriwa kwa Kiingereza na daktari wa Uskoti, Francis Adams, na kuchapishwa London mwaka 1856.

Kabla ya hapo, mwaka 1814, daktari Matthew Baillie wa London alikuwa amechapisha maelezo ya watu wazima waliohara kwa muda mrefu, akataja kwamba baadhi yao walipata nafuu kubwa walipokula wali karibu peke yake. Hakuna aliyeufuatilia uchunguzi huo.

Aliyeupa ugonjwa sura yake ya kisasa ni Samuel Gee. Tarehe 5 Oktoba 1887 alitoa mhadhara katika Hospitali ya Watoto ya Great Ormond Street, London, na mwaka uliofuata maelezo yake yakachapishwa katika ripoti za Hospitali ya St Bartholomew. Gee alisema ugonjwa huwapata watu wa rika zote, ila huonekana zaidi kwa watoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5. Alimweleza mtoto aliyenyong'onyea, mwenye tumbo lililofura na misuli iliyolegea, anayetoa choo cheupe na kingi kuliko chakula alichokula.

Gee hakujua kisababishi, lakini alitamka kwamba kama mgonjwa anaweza kupona, basi atapona kwa chakula. Alishauri vyakula vya unga vipunguzwe. Hata hivyo aliruhusu mkate uliokatwa vipande vyembamba na kuokwa, yaani aliruhusu kitu kilekile kilichokuwa kikiwadhuru wagonjwa wake. Alisimulia pia habari za mtoto aliyelishwa zaidi kidogo ya lita moja ya kome wa Uholanzi kila siku. Mtoto huyo alinawiri ajabu, lakini msimu wa kome ulipokwisha akaumwa tena, na msimu uliofuata alikataa kabisa kuwala. Jibu lilikuwa mbele ya Gee. Mtoto alipona kwa sababu ya kile ambacho hakukila.

Lishe za kubahatisha

Miongo mitatu ya kwanza ya karne ya 20 ilijaa nadharia. Nchini Marekani, Christian Herter aliandika kitabu mwaka 1908 akidai kwamba watoto hawa walidumaa kwa sababu ya maambukizi sugu ya utumbo. Nchini Ujerumani, Otto Heubner aliandika juu ya hali hiyohiyo mwaka 1909. Ndiyo maana vitabu vya zamani huuita ugonjwa wa Gee-Herter au wa Heubner-Herter. Nadharia ya maambukizi ilikufa, lakini Herter aliona jambo moja la kweli: watoto hao walistahimili protini vizuri na mafuta kwa kiasi, ila vyakula vya wanga viliwarudisha kitandani.

Mwaka 1921 John Howland aliwapa watoto lishe ya awamu tatu, akianza na maziwa na kuuchelewesha wanga hadi mwisho, tena akiurudisha kwa tahadhari kubwa. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York alitangaza lishe iliyopata umaarufu kuliko zote, ya ndizi mbivu. Aliripoti watoto kumi. Wanane walilishwa ndizi wakapona. Wawili ambao hawakupewa lishe hiyo walikufa. Lishe ya Haas ilikataza mkate, biskuti, viazi na nafaka zote.

Katika enzi ambayo watoto wengi wenye ugonjwa huu walikufa, lishe ya ndizi iliokoa maisha. Tatizo lilikuwa tafsiri yake. Haas aliamini kwamba ndizi ilikuwa na nguvu ya kuponya, na kwamba mtoto akishapona angeweza kurudi kwenye chakula cha kawaida. Kumbe ndizi haikutibu chochote. Ilijaza tu nafasi ya mkate. Mkate uliporudi mezani, utumbo uliharibika upya, hata kama dalili zilichukua muda kujitokeza. Hapa ndipo somo la kwanza la mtihani lilipo: tiba ya siliaki haina tarehe ya kumalizika, na mgonjwa anayejisikia mzima bado ni mgonjwa.

Dicke na mkate wa vita

Aliyemtambua adui ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyezaliwa Dordrecht mwaka 1905. Akiwa na umri wa miaka 31 alifanywa mkurugenzi wa Hospitali ya Watoto ya Juliana mjini The Hague. Katikati ya miaka ya 1930 alianza kuwapa wagonjwa wake wa siliaki lishe isiyo na ngano, na mwaka 1941 alichapisha makala katika jarida la tiba la Uholanzi akiipendekeza. Tarehe hizo zina uzito, kwa kuwa husimuliwa mara nyingi kwamba wazo hilo lilimjia wakati wa njaa ya vita. Kwa kweli Dicke alikuwa nalo miaka kadhaa kabla, na njaa ilimpa ushahidi.

Majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, magharibi ya Uholanzi ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani na chakula kilizuiwa kuingia. Mkate uliadimika, na watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Eneo zima lilikonda, lakini watoto wenye siliaki walipata nafuu. Shehena za mkate wa ngano zilipowasili kama msaada, watoto haohao waliugua tena. Hali ambayo hakuna daktari angeweza kuipanga kwa hiari yake ilikuwa imefanya jaribio kamili: ngano iliondolewa, ikarudishwa, na ugonjwa ukaifuata.

Baada ya vita Dicke aliuthibitisha uhusiano huo kwa vipimo. Alishirikiana na mkemia Jan van de Kamer, aliyekuwa amebuni njia ya kupima kiasi cha mafuta katika kinyesi, pamoja na daktari H. A. Weijers. Watoto walikaa hospitalini kwa muda mrefu wakila chakula kilichopimwa. Ngano iliingizwa na kuondolewa kwa zamu, huku uzito wao na mafuta ya kinyesi yakiandikwa. Ngano na rai zilipoliwa, mafuta yasiyofyonzwa yaliongezeka katika kinyesi. Mahindi, mchele na viazi havikuwa na madhara hayo. Mwaka 1950 Dicke aliyawasilisha matokeo hayo katika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Utrecht.

Lililobaki lilikuwa kujua ni sehemu gani ya ngano iliyo na sumu. Tangu Gee, lawama ilikuwa juu ya wanga. Mwaka 1952 Charlotte Anderson na wenzake wa Birmingham, Uingereza, walionyesha katika jarida la The Lancet kwamba wanga wa ngano uliooshwa ukaondolewa gluteni hauna madhara, na kwamba gluteni ndiyo inayodhuru. Mwaka 1953 kundi la Uholanzi lilikwenda mbele zaidi: ndani ya gluteni, sehemu inayoyeyuka katika alkoholi, yaani gliadini, ndiyo mkosaji mkuu. Kwa hiyo tiba kamili ilipatikana kabla hata mtu mmoja hajaeleza kwa hakika ugonjwa wenyewe unafanya nini ndani ya utumbo.

Utumbo waonekana

Sababu ya kuchelewa huko ilikuwa rahisi. Utumbo mwembamba huoza upesi sana mtu anapokufa, kwa hiyo mabadiliko yaliyoonekana katika uchunguzi wa maiti yalipuuzwa kuwa ni ya kuoza. Mwaka 1954 J. W. Paulley, daktari wa Uingereza, alichunguza vipande vya utumbo vilivyokatwa kwa upasuaji kutoka kwa wagonjwa walio hai. Aliona kwamba vilasi, yaani vijidole vidogo vinavyopanua eneo la kufyonza chakula, vilikuwa vimefupika na kutandazika, na utando umejaa seli za uvimbe.

Upasuaji haukuwa njia ya kumpima kila mgonjwa. Mwaka 1956 Margot Shiner wa London alieleza mpira mwembamba unaomezwa na kukata kipande kidogo cha utando wa utumbo. Mwaka uliofuata William Crosby na Heinz Kugler wa Marekani walitoa kidonge cha chuma chenye kisu ndani, kinachofanya kazi hiyohiyo. Kuanzia hapo daktari aliweza kupata kipande cha utumbo bila kumpasua mgonjwa, na biopsi ikawa msingi wa utambuzi. Leo vipande hivyo huchukuliwa kwa endoskopu kutoka duodeni.

Biopsi ilimaliza ubishi wa tangu enzi za Aretaeus na Gee. Kwa muda mrefu siliaki ya watoto na kuhara mafuta kwa watu wazima yalihesabiwa kuwa magonjwa mawili. Mwaka 1960 Cyrus Rubin na wenzake wa Seattle walionyesha kwamba chini ya hadubini utumbo wa makundi yote mawili una madhara yaleyale. Kisha waliingiza ngano moja kwa moja katika sehemu ya chini ya utumbo mwembamba wa wagonjwa waliokuwa kwenye lishe, sehemu iliyokuwa bado nzima, nayo ikaharibika. Kumbe sehemu ya juu huumia zaidi kwa sababu ndiyo inayokutana na gluteni kwanza.

Jambo hilo hueleza dalili nyingi zinazoulizwa katika mitihani. Madini ya chuma hufyonzwa hasa katika duodeni, kwa hiyo upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma ni dalili ya kawaida kwa mtu mzima, wakati mwingine bila kuhara hata kidogo. Folati hufyonzwa juu pia, nayo hupungua. Vitamini B12 hufyonzwa mwisho wa utumbo mwembamba, na upungufu wake si wa kawaida kiasi hicho. Kalsiamu na vitamini D zikikosekana, mifupa hudhoofika na huvunjika kirahisi.

Miaka hiyohiyo madhara mengine yalianza kuunganishwa. Mwaka 1884 Louis Duhring wa Philadelphia alikuwa ameeleza upele wa malengelenge unaowasha sana, hasa kwenye viwiko, magoti na makalio. Mwaka 1966 madaktari wa Uingereza waligundua kwamba wagonjwa wa upele huo wana utumbo wa siliaki. Dawa ya daposoni hutuliza upele, lakini lishe isiyo na gluteni hutibu ngozi na utumbo pamoja. Tangu mwaka 1962 ilionekana pia kwamba baadhi ya wagonjwa hupata limfoma ya utumbo, na mwaka 1989 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba wanaoifuata lishe kikamilifu hupunguza hatari ya saratani.

Kinga inayojigeukia

Katika miaka ya 1950 nadharia iliyotawala ilisema mgonjwa amekosa kimeng'enya cha kumeng'enya gluteni. Ushahidi wa kinga uliiondoa polepole. Kingamwili dhidi ya gliadini zilionekana katika damu, na mwaka 1983 Tadeusz Chorzelski na wenzake wa Warsaw waligundua kingamwili dhidi ya endomisiamu, tishu ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kipimo hicho kilikuwa sahihi sana, ingawa hakuna aliyejua kingamwili hizo zinalenga nini hasa.

Upande wa urithi ulifumbuka mwaka 1989. Ludvig Sollid na Erik Thorsby wa Oslo walionyesha kwamba ugonjwa umefungamana na HLA-DQ2, molekuli inayozionyesha seli T vipande vya protini. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanayo, na karibu wote waliobaki wana HLA-DQ8. Lakini katika mataifa ya Ulaya takriban theluthi moja ya watu wote wana jeni hizo, na wengi wao hawaugui kamwe. Kwa sababu hiyo kipimo cha HLA hakithibitishi ugonjwa. Faida yake ni kuuondoa katika orodha pale jeni zote mbili zinapokosekana.

Mwaka 1997 Walburga Dieterich na Detlef Schuppan wa Berlin waliipata shabaha iliyotafutwa: kimeng'enya kinachoitwa transglutaminesi ya tishu. Mwaka uliofuata makundi ya Norway na Uholanzi yalieleza kazi yake katika ugonjwa. Kimeng'enya hicho hubadilisha glutamini zilizomo katika gliadini kuwa glutameti zenye chaji hasi, na vipande hivyo hushika vizuri zaidi katika DQ2. Seli T huviona, huamka na kuanzisha uvimbe unaoangamiza vilasi. Mwaka 2002 kundi la Chaitan Khosla la Chuo Kikuu cha Stanford lilieleza kipande cha gliadini chenye asidi amino 33 ambacho vimeng'enya vya tumbo na kongosho haviwezi kukivunja, kwa hiyo hufika utumboni kikiwa kizima.

Mnyororo ulikuwa umekamilika: protini ngumu kuvunjika, kimeng'enya kinachoigeuza, jeni inayoionyesha na kinga inayoshambulia. Ugonjwa ukahesabiwa miongoni mwa magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, na uhusiano wake na kisukari cha aina ya kwanza na magonjwa ya tezi ya thairoidi ukaeleweka. Huonekana pia mara nyingi zaidi kwa watu wenye sindromu ya Down au ya Turner, na kwa takriban mmoja kati ya ndugu 10 wa karibu wa mgonjwa.

Wagonjwa wasiojulikana

Vipimo vya damu viliwezesha kuwapima watu wengi ambao hawakulalamika chochote, na ugonjwa uliodhaniwa kuwa nadra ukadhihirika kuwa wa kawaida. Mwaka 2003 Alessio Fasano na wenzake walichapisha uchunguzi wa zaidi ya watu 13,000 nchini Marekani, wakakuta mgonjwa 1 katika kila watu 133 wasio na dalili wala ndugu mgonjwa.

Kiwango cha juu kuliko vyote vilivyoripotiwa kilitoka Afrika. Mwaka 1999 Carlo Catassi na wenzake waliandika katika The Lancet kwamba miongoni mwa watoto wa Kisahrawi, wakimbizi wa Sahara Magharibi wanaoishi kambini nchini Algeria, asilimia 5.6 walikuwa na ugonjwa huu. Jeni za DQ2 ni nyingi katika jamii hiyo, na unga wa ngano ulikuwa umechukua nafasi kubwa katika chakula chao.

Utambuzi wa leo

Uchunguzi huanza kwa kupima kingamwili za IgA dhidi ya transglutaminesi, pamoja na jumla ya IgA. Kipimo cha pili ni muhimu kwa sababu asilimia 2 hadi 3 ya wagonjwa wa siliaki hawatengenezi IgA, na majibu yao ya kwanza yangeonekana salama kwa uongo. Kisha huchukuliwa angalau vipande vinne vya duodeni, kikiwemo kimoja cha sehemu yake ya mwanzo. Mabadiliko hupangwa kwa ngazi alizoeleza Michael Marsh mwaka 1992: kwanza limfosaiti huongezeka katika tabaka la juu, kisha mashimo ya utando hurefuka, kisha vilasi hupungua hadi kutoweka. Kwa watoto, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2020 inaruhusu kuacha biopsi ikiwa kingamwili zimezidi mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida na kipimo cha endomisiamu kimethibitisha kwa sampuli nyingine ya damu.

Vilasi vilivyotandazika peke yake havitoshi kuthibitisha siliaki. Giadia, kifua kikuu cha utumbo, VVU, utapiamlo na kuhara mafuta kwa nchi za joto vinaweza kuuacha utumbo katika hali inayofanana nayo, jambo ambalo daktari wa Afrika Mashariki analazimika kulikumbuka.

Kwa upande wa lishe, mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi na ndizi ni salama kama havikuchanganywa na ngano. Oti zilikatazwa tangu enzi za Dicke, lakini utafiti wa Finland wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wagonjwa wengi wanazistahimili zikiwa safi. Wengu wa mgonjwa huweza kudhoofu, kwa hiyo chanjo ya numokoki hupendekezwa.

Majaribio mengi ya dawa yamefanywa, na bado hakuna dawa iliyochukua nafasi ya lishe. Kosa baya zaidi katika wodi, na lenye kukatisha alama nyingi katika mtihani, ni kumwondolea mgonjwa ngano kabla ya kumpima: utumbo huanza kupona, kingamwili hushuka na ushahidi hupotea. Mgonjwa anapaswa kuwa amekula gluteni kila siku kwa wiki zisizopungua 6. Kwa hiyo apimwe kwanza akiwa bado anakula mkate na chapati. Ugonjwa ukithibitishwa, ngano iondolewe siku hiyo na isirudishwe tena.